Usisaini Kabla ya Kusikia Habari za Balbu

Nyumba ya kona,
Juu ya duka la vioo,
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na mumeo hajambo? Kile kikohozi cha mtoto kimeondoka? Sisi tu wazima. Mama yako anakwenda kliniki kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kama kawaida. Akirudi hulala kidogo, kisha huamka na kunigombeza, ndipo tunapojua kwamba damu imesafishika.

Nimeisoma ripoti ya bima uliyoletewa, na ule ujumbe uliomtumia mama yako: "Mwambie mjomba apumzike, tutatafuta dereva." Sikukukasirikia. Gari ni lako, bima ina jina lako, na mtu aliye mbali huamini karatasi kwa kuwa hana kingine cha kuamini. Lakini wanataka ifikapo Ijumaa uwe umesaini kwamba mimi nilirudi nyuma nikaligonga gari la mikate. Ukisaini, jina langu linafutwa katika orodha ya madereva wa gari hilo, na mama yako ataendeshwa na mtu asiyejua hata kwamba ule mkono wake wa kushoto, wa sindano, haushikwi. Kwa hiyo nivumilie nikueleze. Ndiyo, najua, mjomba wako akianza kueleza ni shida.

Nilikuwa nimesimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mguu juu ya breki, mama yako kando yangu. Mwanamke mwenye mikongojo alikuwa anavuka. Gari la mikate likaja kwa nyuma likatusukuma. Halikutuumiza, liliharibu bampa na taa za upande wa kushoto tu. Dereva wake akashuka, akaomba radhi, hata akatupatia mkate. Mama yako akaupokea, akauliza kama hana wa maziwa.

Siku mbili baadaye dereva huyo huyo akaandika kwamba mimi ndiye niliyemrudia yeye. Hilo halikunishangaza. Anaogopa kufukuzwa kazi, na mtu mwenye hofu husema lolote. Aliyenishangaza ni mkaguzi wa bima, ambaye haogopi kitu, na nadhani hata kujua hajui.

Barabarani hakufika. Alikuja gereji amevaa viatu vyeupe, akaona sakafu ina oili, akalikagua gari kutoka mlangoni. Mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote angeona haya kutumia muda mfupi hivyo kwa swali la kwanza.

"Mzee, una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Sabini na miwili."

"Aa," akasema, akaandika.

Sasa fungua ripoti yako, ukurasa wa pili. Palipoandikwa "Chanzo cha ajali", bwana mkubwa yule amejaza: "Umri wa dereva." Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne. Nimesahihisha majibu ya watoto waliolala, walioibia na walioandika majina ya wachumba wao. Sijapata kumwona mtu aliyeulizwa kwa nini kitu kimesogea, akajibu kwa mwaka wa kuzaliwa.

Fundi umeme wa gereji, yule tunayemwita Nyaya, ndiye aliyezifungua taa. Vifuniko vilikuwa vimepasuka lakini balbu zenyewe zilikuwa nzima. Nikamwambia asizitupe. Sikiliza sababu yake, ni rahisi. Ndani ya balbu mna uzi mwembamba wa chuma. Balbu ikiwaka, uzi huwa wa moto na laini. Ukipigwa mshtuko wakati huo, huvutika na kulegea kama uzi wa fulana kuukuu. Balbu ikiwa imezimwa, uzi ni baridi na mgumu. Hukatika au hubaki ulivyokuwa. Tukazitazama kwa kioo cha kukuzia. Uzi wa balbu ya breki umelegea na kupinda. Uzi wa balbu ya rivasi, inayowaka gari likirudi nyuma, umekaa sawasawa. Na balbu hizo zimekaa pua kwa pua, kwa hiyo mshtuko uliozipata ni mmoja. Maana yake breki ilikuwa imekanyagwa na rivasi haikuwekwa. Balbu haijui umri wangu.

Nikazifunga kwa pamba nikaenda nazo ofisini kwao. Binti wa mapokezi akanitazama kwa huruma. "Babu, hapa hatupokei balbu. Tunapokea fomu." Mkaguzi akapita na kikombe chake cha chai. "Mzee wangu, hapa si darasani." Nikamwambia naona, kwani darasani mtu husoma kabla ya kujibu.

Nilikaa kwenye benchi lao mpaka mkuu wa idara ya madai akatoka. Ni mwanamke wa makamo, ana haraka, ila ana macho. Akaisogeza balbu dirishani, akaitazama, kisha akamwita mkaguzi.

"Taa uliifungua?"

"Bosi, ilikuwa imeshapasuka."

"Nimekuuliza uliifungua?"

Mkaguzi akanywa chai.

Mama huyo amezitia balbu katika bahasha, akaipiga muhuri na kunipa stakabadhi. Lakini ripoti hawezi kuifuta, kwa kuwa imeshakufikia wewe. Mwenye bima ndiye wa kuikataa kwa maandishi, ndipo wao wapeleke mkaguzi mwingine. Sentensi moja inatosha. Mke wangu ataipiga picha barua hii akutumie leo hii, maana ya posta itakukuta umeshasaini.

Jambo la mwisho. Ulipomuuliza mama yako kama mjomba bado anaona, uliuliza swali la haki, na ndilo swali ambalo bima yote haikuwahi kuliuliza. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kupimwa. Daktari amesema mchana naona vizuri, lakini jicho la kushoto limeanza kufifia na gizani nisiendeshe. Cheti chake hiki hapa, kisome chote. Zamu ya mama yako ya kliniki ya Jumamosi, iliyokuwa inaisha jua limezama, tumeomba ihamishiwe asubuhi, nao wamekubali. Siku daktari huyo atakaposema basi, nitampa mama yako funguo jioni hiyo hiyo, nawe utafute dereva. Nimemsomea mama yako maneno haya. Amesema, "Mwandikie kwamba ungekuwa huoni, wa kwanza kushuka garini ningekuwa mimi."

Msalimie mumeo, na mama mkwe wako, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awape afya na riziki ya halali, awaepushe na watu wa kisima kikavu, wanaojibu bila kuchungulia ndani.

Nami nabaki yule yule akupendaye tangu siku uliyozaliwa,

Mjomba wako.