Msalaba Wenye Mlango wa Nyuma

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi marahaba, tusipoteze wino. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo siwezi kumwambia mchungaji wala mke wangu, kwa sababu hao wawili ndio niliowadanganya.

Mimi ni seremala, miaka sabini na moja, shule niliacha darasa la nne kwa makubaliano mazuri kati yangu na mwalimu, kwa hiyo ukikuta nukta haipo mahali pake iweke wewe. Kila Ijumaa Kuu kanisa letu linazunguka mtaa mzima likiimba, na mbele anatangulia mtu mmoja na msalaba begani, na mtu huyo kwa miaka tisa ni mimi, na msalaba nimeutengeneza kwa mikono yangu, urefu futi kumi, rangi ya mbao nzito, ukiuona unasema hapa wanatakiwa wanaume wanne na jeki. Sasa mshauri naomba ukae chini. Ndani hamna kitu. Ni plaiwudi, nimeigundisha kama sanduku nikaipaka vanishi mara tatu, uzito wake kama kiti cha plastiki. Mwaka wa kwanza nilikusudia mbao halisi, Mungu ananiona, lakini nilipoinua kipande kimoja tu kiuno kikatoa mlio, nikasema Bwana huangalia moyo, hakagui mbao.

Basi mimi nagumia, nayumba, naanguka mara tatu, ya tatu huwa mbele ya duka la dawa kwa sababu pale pana kivuli, na akina mama wanalia, na mimi nikiwaona wanalia naongeza. Na kwa kuwa safari ni ndefu na tumbo halijui Ijumaa, kwa nyuma nimeweka kimlango cha bawaba, ndimo zinamokaa karanga zangu za sukari. Mwaka jana sisimizi walizinusa, wakapanga mstari kutoka msalabani mpaka shingoni kwangu, nikaanza kurukaruka, na mchungaji akasema kwenye kipaza sauti, "Tazameni, hata wadudu wameujia msalaba!" Watu wawili waliokoka palepale.

Sasa balaa. Mchungaji ametangaza kwamba mwaka huu jirani yangu, fundi cherehani, ataupokea msalaba katikati ya safari kama yule Simoni wa Kirene. Huyu fundi ananiomba zamu miaka yote, na mimi humjibu, "Bwana mdogo, bega lako limezoea kubeba utepe wa kupimia, huu utakuvunja." Kumbe maneno yalimwingia. Kila asubuhi namwona uani ananyanyua mfuko wa saruji, jasho linamtoka, ananipigia kelele, "Mzee, mwaka huu utanijua!" Mshauri, kwa nguvu zile alizojikusanyia, akiuinua ule msalaba atautupa juu ya paa.

Nimewaza njia tatu. Kuujaza mchanga, lakini kimlango kitavuja. Kuugua, lakini mwaka huu nimeshaugua mara mbili kukwepa vikao vya ukoo. Au kusema mchwa waliingia wakala ndani yote wakabakiza ganda, na hii ndiyo naipenda.

Ningeshaichukua, ila kuna mke wangu. Tunakaa ghorofa ya tatu, bomba liko chini, ngazi ni arobaini na mbili, na yeye goti moja limevimba, lakini miaka hii tisa ndoo anapandisha yeye, kwa sababu mimi natunza bega kwa ajili ya Bwana. Juzi alisimama ngazi ya thelathini kupumzika, nikamchungulia kutoka juu nikamuuliza, "Mama, vipi?" Akasema, "Si kitu, baba. Kila mtu na msalaba wake, na wako ni mzito zaidi." Akamalizia kupanda, akatua ndoo, akaleta dawa ya kuchua, akanichua bega. Bega lisilo na kitu, mshauri! Tangu siku ile karanga hazipiti kooni. Niambie basi, mchwa wanafaa au hawafai?

Ni mimi,
Mbeba Msalaba

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni mdogo kwako, kwa hiyo nitakugombeza kwa adabu, lakini nitakugombeza.

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Kisha nikafika kwenye zile ngazi, nikaacha kucheka. Mchwa hawafai. Waache mchwa wa watu, hawajakukosea.

Kosa lako kubwa si plaiwudi. Msalaba wa Ijumaa ni wa kuonyesha tu, hata ungekuwa wa chuma. Watu wanautazama ili wamkumbuke aliyeubeba wa kweli, na wake haukuwa na mlango wa nyuma. Kosa lako ni kuutumia kukwepa kazi. Yesu alipowaambia wanafunzi wake kila mmoja ajitwike msalaba wake, alisema kila siku. Hakusema mara moja kwa mwaka, kivulini kwa duka la dawa. Tena alianza na kujikana. Huyo mzee ndani yako anayependa kuliliwa na akina mama, ndiye aliyepaswa kuangushwa mara tatu.

Na mkeo amekosea neno, wewe ukasikia ukanyamaza. Ndoo zile si msalaba wake. Msalaba mtu huushika mwenyewe, kwa kupenda, ili mwenzake apate nafuu. Anachopandisha yeye ni mzigo wako, umemtwika. Akili unazo nyingi, mzee, ila umezipangisha kwa mvivu.

Sasa sikiliza. Ukikunja gazeti hili, mweleze mkeo, yeye kwanza, kabla ya mchungaji, na umfungulie kile kimlango aone kwa macho yake. Atanuna. Mwache anune, ana akiba ya miaka tisa. Ukitoka hapo nenda kwa mchungaji, halafu kabishe hodi kwa fundi cherehani. Chagueni mbao halisi za msalaba mpya, mzirande pamoja, na Ijumaa aubebe yeye kuanzia mlangoni mwa kanisa, maana mtu aliyenyanyua saruji kwa ajili ya Bwana hanyimwi. Wewe tembea nyuma na wenzako, imba, karanga wagawie watoto.

Fundi atakucheka? Atakucheka sana. Nacho kicheko hicho kibebe. Ni kizito kuliko plaiwudi.

Na ndoo zinaanza leo. Kiuno kikitoa mlio, jaza nusu, panda mara mbili. Ukichoka simama ngazi ya thelathini, mwenzako ameshakuonyesha mahali. Ukifika juu, mama akikuuliza kama bega linauma, usigumie, usiyumbe. Mjibu tu ndiyo, kwa sababu safari hii litakuwa linauma kweli.