Mpaka Uliopita Chumbani Mwangu

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji kaja tena na maneno yake ya mpaka. Tangu greda la barabara ling'oe mawe ya kona za viwanja vyetu, hana raha. Anataka kujenga ukuta. Mdogo wa marehemu mume wangu, msiba tulilia pamoja — leo ananitazama kama nimepanga kwake! Anataka mjukuu wangu ndiye apime, maana kasomea upimaji na yuko kwenye majaribio ya kazi ofisi ya ardhi. Nikasema sawa. Binti niliyemlea mwenyewe atanionea vipi?

Jumatano, 6 Machi
Mjukuu kaja na kompyuta, mdomo umejaa latitudo na longitudo. Nikamwambia aseme lugha ya watu. Akacheka. Eti ofisi imempa kona za viwanja kwa digrii, na digrii ni za dunia ya mviringo; fundi hawezi kuvuta kamba kwa digrii. Ndiyo maana kaandika programu, fupi tu. Unaingiza digrii, inakutolea mita: ngapi kwenda mashariki, ngapi kwenda kaskazini. Kama miraba ya daftari la hesabu. Hapo nikaelewa. Niliishia darasa la nne, sikuishia ujingani.
Kompyuta ikatema namba zake, akapigilia vigingi. Kimoja mbele ya nyumba, kimoja nyuma. Ukivuta kamba, inapita katikati ya chumba changu. Juu ya kitanda!
Shemeji, aliyekuja kushuhudia, akajichekea. "Kompyuta haina undugu, shemeji."
Nikamuuliza mjukuu, huo mstari umenijuaje ninapolala? "Bibi, ni hesabu tu." Hesabu haina haya.

Alhamisi, 7 Machi
Mjukuu alikuja mchana. Sikumpakulia. Akale mita.

Ijumaa, 8 Machi
Kaja tena, macho mekundu. Kakosea! Ofisi iliandika tarakimu saba baada ya nukta. Yeye, ili jedwali lake lipendeze, akabakiza nne, nyingine akazitupa. Nikasema, vijitarakimu vitatu vina nini? Akasema ile ya nne ikisogea moja tu, ardhini ni mita kumi na moja. Moja! Akaziingiza zote, programu ikaenda upya mbele yangu. Mpaka ukahama, ukaenda zake nyuma ya choo. Chumba changu ni changu.
Nikatafuta viatu niende kwa shemeji sasa hivi. Akanishika mkono. "Bibi, nakuomba. Ripoti nimeshasaini, ina muhuri. Wakijua, kazi sina." Eti akiajiriwa atanijengea chumba kingine, cha vigae.
Kingine! Mama yake, binti yangu, alikata roho humu, kichwa kwenye mapaja yangu. Yeye mwenyewe alikuwa hajaota meno. Nikambeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Leo anataka ninyamaze, kwa ajili ya jedwali zuri.
Nilitamani kumzaba kofi. Nikamfungulia mlango.

Jumamosi, 9 Machi
Mafundi wa ukuta wa shemeji wamefika mapema, na nyundo za kubomolea. Kamba imevutwa. Shemeji kakalia kiti changu, anaamrisha.
Mjukuu naye kaja. Nikatoka, nikawaambia mafundi wasiguse kitu, huyu binti ana neno. Neno gani, sikusema. Nikarudi ndani, nikajifungia. Sitaki kesho aseme bibi ndiye aliyenifukuzisha kazi. Kinywa anacho. Lakini chumba sihami, hata mto sitoi! Wakibomoa, wanibomoe nami nimekaa.
Naandika hapa kitandani. Dirishani namwona. Kasimama kwenye kamba, kompyuta kaikumbatia kifuani.
"Haya mtaalamu, neno lenyewe liko wapi?" Ni shemeji huyo, na kicheko chake.
Mjukuu kainua uso.
Anatazama huku kwangu. Nami namtazama, sipepesi. Usinitazame mimi, mwana we, mtazame yeye!
Kafungua kompyuta. Kaifunga. Fundi mmoja anagongagonga ukuta kwa ngumi, nyuma ya kichwa changu hapa, anasikiliza pa kuanzia. Shemeji kasimama. Mjukuu kavuka kamba, anakuja huku mlangoni — hapana, kasimama tena, kamgeukia shemeji, kafungua kinywa.