Alama ya Maji

Kaka Zadock,

Salamu kutoka Awasi. Bado tunalala kanisani na Baba tangu mto Nyando uingie bomani kwetu. Kuku wawili walipona. Baba anakula, ila uji bila ndimu hagusi, unamjua.

Mwezi uliopita walikuja watu wa kaunti na wa serikali kuu pamoja, na ramani moja ya bonde lote la mto. Wakaniuliza maji yalifika wapi. Mimi nilidhani ni watu wa mahema na unga, na waliofurikiwa zaidi ndio hupewa kwanza. Maji yaliishia mlango wa jikoni, Zadock. Nikawaonyesha nyuma ya kaburi la Mama, nikaweka sahihi.

Jumatatu wakarudi na vigingi vya saruji. Kumbe ardhi ya umma inapimwa kuanzia pale maji yalipofika juu kabisa. Kaburi la Mama sasa liko upande wa mto. Hakuna kulima huko, kujenga wala kuzika.

Jana Baba aliniambia, "Perez, nikienda, nilaze kando ya mama yako." Nikasema sawa, Baba. Kisha akauliza ni nani aliyewadanganya wale watu. Nikamtaja Frankline, jirani yetu, yule aliyembeba mgongoni siku ya mafuriko.

Leo asubuhi Frankline alimletea ndimu. Baba alikunywa uji bila ndimu.

Usimpigie Baba simu kabla hujaongea na mimi.

Dada yako,
Perez