Mwaliko Usio na Bwana Harusi

Jumatatu, 26 Februari 2024
Bakiri amekuja tena dukani kutoa fotokopi. Ukurasa mmoja! Kutoka Midrand mpaka huku Berea, anavuka mji mzima, na kazini kwao ghalani mashine ipo. Leo kasema ana neno, ataniambia Jumapili. Nikamrudishia chenji nyingi kuliko alichonipa. Miaka arobaini na mbili, nimeshaolewa na kuachika, bado nakosea hesabu kama msichana. Aibu!

Jumanne, 27 Februari
Imeingia imeili: kadi ya mwaliko wa harusi. Mtumaji simjui. Nikafungua — kutwa wateja wananitumia mafaili niwachapishie, ndiyo kazi yangu. Tena huu ni Shaabani, kila mtu anawahi kuoa kabla ya Ramadhani. Usipokwenda utasemwa mpaka Tanga. Ukurasa mweupe. Nikafungua tena. Mweupe! Mara ya tatu kompyuta ikaanza kuhema.

Jumatano, 28 Februari
Simu tangu alfajiri. Mayasa, katibu wa umoja wetu wa wanawake, anapiga vigelegele: Kidawa, umetuficha! Kumbe mwaliko umetoka kwenye imeili yangu, kwa jina langu, kwenda kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia. Nikasema si mimi. Akasema bibi harusi lazima aone haya. Na kadi kuwa tupu? Eti nimelificha jina la bwana asije akarogwa.

Alhamisi, 29 Februari
Fundi Placide kaikagua kompyuta huku anacheka. Anasema Word yangu, hii programu ya kuandikia, ni ya zamani na ina tundu. Lile faili si kadi; ndani lina amri, na ukilifungua tu zinapenya tunduni, zinaweka programu, programu inasoma anwani zangu na kusambaza faili lilelile. Wenye Word mpya wameona karatasi tupu, basi. Na cha kuziba tundu ni ile update, toleo jipya la programu — ambayo miaka miwili naibonyeza "baadaye", nikiogopa itanimalizia data! Voilà, ndiyo hivyo dada, mlango umeufungua mwenyewe, kasema. Eish.

Nimewaandikia wote: msifungue! Mayasa kajibu wameshafungua, na ukumbi wameshachukua. Jumamosi ya tarehe tisa.

Ijumaa, 1 Machi
Bakiri hakuja. Kaandika kwenye simu: "Hongera, dada." Dada! Onyo langu halijamfikia, kazini kwao wamezuia imeili zangu zote tangu ule mwaliko. Nampigia, hapokei. Nimelia nyuma ya mashine, mteja akadhani wino umeisha.

Jumamosi, 2 Machi
Wanawake wamekuja na sare. Kitenge cha zambarau, kimeshakatwa! Nikasema hakuna harusi. Wakasema sawa, simama tukupime.

Jumapili, 3 Machi
Placide anafuta kila kitu aweke upya. Nimemwambia aweke update zote, hata ambazo hazijatungwa.

Saa nane mchana Bakiri kapokea! Nikamweleza bila kupumua — faili, tundu, amri, Mayasa.

"Kwa hiyo hakuna bwana harusi?"

"Hakuna."

"Na ukumbi?"

"Upo. Jumamosi."

Nikamsikia anamwambia mtu apunguze redio. Kisha: "Hebu msiughairi kwanza. Lile neno langu bado lipo." Simu ikakatika — mtandao au yeye, sijui.

Placide anauliza neno la siri jipya. Asubiri! Simu inaita, ni Bakiri.