Kibao cha Baba na Ukuta wa Fundi Asajile

Baba,

Ukuta wa chumba chako umeanguka. Naanza na hilo kwa sababu wewe ulichukia mtu anayezunguka. Ulianguka Januari, mchana, mama akiwa shambani kwa shangazi Tusekile na mimi nikiwa jikoni nachambua maharage. Ulianguka kuanzia usawa wa dirisha kwenda juu. Chini ya dirisha haukutikisika hata kidogo.

Hatuko Mbagala tena. Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne mama aliuza friji na makochi, tukaja huku Ileje kuishi kwenye nyumba uliyokuwa unaijenga kila likizo. Alisema hawezi kulipa pango wakati marehemu mume wake amemwachia nyumba. Watu wanamwita Mama Dar. Mimi wananiita yule binti asiyesalimia. Nasalimia, Baba, ila sauti haitoki. Unanijua. Hata vocha ulikuwa unaninunulia wewe, kwa kuwa naogopa kuongea na muuzaji.

Mafundi wa huku wametuchezea. Seremala alitutengenezea mlango wa mbao mbichi, ukakauka ukiwa umeshapachikwa, sasa paka wa jirani anapita pembeni bila kubisha. Mama alipolalamika, seremala akamwambia mlango unahitaji kuzoea baridi ya huku kama yeye mwenyewe. Tulicheka. Huyo nimemsamehe.

Fundi Asajile, aliyejenga ukuta ule, sijamsamehe.

Unakumbuka alivyokuwa rafiki yako. Ulipolazwa ulimpigia simu ukiwa kitandani ukamwambia aendelee kujenga, matofali yapo, tanuri zima ulilichoma mwenyewe. Tulipokuleta kuzika tulikuta nyumba ina bati, na nje imeshapigwa lipu. Mama alimshika mikono akalia. Na yeye alilia, Baba. Alilia kaburini kwako mpaka wanaume wawili wakamshika asianguke. Nilimwonea huruma siku ile, na huruma hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Ukuta ulipoanguka alikuja, akazunguka kifusi mara moja, akapiga tofali moja kwa mwiko. Likavunjika kama mkate. Akatikisa kichwa mbele ya majirani waliokusanyika. "Mama Atu, sikutaka kusema. Marehemu aliharakisha. Kuni zilikuwa chache, tanuri halikuiva. Mimi nimejenga na nilichopewa."

Majirani wakaitikia kwa kuguna. Mmoja akasema ndiyo hivyo, watu wa mjini wana haraka. Mama aliinamisha kichwa kama vile kosa ni lake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na sikusema neno. Wiki nzima nilijichukia. Kisimani wanawake walikuwa wakisema tanuri la baba yake Atupele, kwa sauti ile ya mtu anayesema ugali mbichi.

Mama angejuaje? Udongo wa huku ni mwekundu. Tofali ambalo halijaona moto ni jekundu kama lililochomwa. Sisi tumekulia kwenye tofali za saruji, tukiona wekundu tunadhani ni moto. Asajile alilijua hilo, ndiyo maana alipiga lipu haraka.

Kibao chako cha kufyatulia matofali nilikikuta kwa shangazi, kuku wanatagia ndani. Nilikwenda kuokota mayai, nikaona jina lako limechongwa ubavuni kwa msumari. Shangazi akacheka, akanieleza jinsi kijiji kizima kilivyokucheka. Huku vibao ni vya kuazimana, vyote kipimo kimoja. Wewe ulikuja na kibao kilichotengenezwa na seremala wa Mbagala, kimezidi vya hapa kwa upana wa kidole. Walikwambia unafyatua magodoro. Ukawajibu kwamba mke wako anapenda ukuta mnene.

Nilihamisha yale mayai. Nikaenda kwenye kifusi.

Niliweka tofali la kwanza ndani ya kibao. Likacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. La pili, vilevile. Nikajaribu kumi. Kisha nikaenda kwenye ukuta uliobaki chini ya dirisha, kozi zile, mistari ya matofali iliyojengwa wewe ukiwepo likizo ya mwisho, nikakitega kibao kwenye tofali la pembeni. Likaenea. Tofali likikauka hupungua kidogo, shangazi aliniambia, lakini si kidole kizima. Basi yaliyoanguka hayakuwa yako. Hayakuwa yako, Baba. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, na nilipomaliza kulia sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira iliyotulia kabisa.

Asajile ana fremu mbili mpya za maduka kando ya barabara ya kwenda Isongole, ambazo shangazi anasema alizianza ukiwa bado hospitalini. Hazijapigwa lipu. Anajivunia matofali yake, ukiyagonga yanalia kama kengele. Nilikwenda kununua sabuni, kibao nimekifunga kwenye kanga. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu penye kona ya ukuta. Tofali la kona lililingana na kibao. Na la juu yake likalingana.

Sikumwambia mama. Angesema tumwachie Mungu, nami sikutaka kumwachia mtu yeyote. Nilisubiri wiki mbili. Kila Asajile alipopita nilimwamkia kwa adabu, akaniitikia marahaba mwanangu, na nilifurahi kwamba hajui.

Mkutano wa kijiji ulikuwa wa kuchagua fundi wa nyumba ya mwalimu. Walikaa uwanjani, mbele ya zile fremu. Asajile alisimama akasema wasirudie kosa la marehemu, fundi apewe nafasi ya kuchagua matofali mwenyewe. Alikutaja. Alikutumia wewe kuomba kazi.

Nikasimama na kibao. Mwenyekiti, ambaye ni mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, akaniruhusu. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kijana mmoja akauliza kama nimeleta mayai. Wakacheka. Mama akanivuta sketi nikae. Nikaondoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye lundo la matofali yaliyobaki kando ya fremu, nikatumbukiza moja kwenye kibao, likaenea. Halafu nikatoa kwenye mfuko tofali la kifusi chetu, nikalitumbukiza, nikakitikisa kibao wasikie linavyogonga mbao.

Vicheko viliisha upande wa wazee kwanza, kwa sababu wao ndio waliokucheka ukifyatua magodoro.

Mwenyekiti alikuja akajaribu mwenyewe, pale na kwenye ukuta. Akamgeukia Asajile, akamwuliza tofali za marehemu zimefikaje hapa. Asajile alitabasamu. "Aliniuzia, mama. Ni mambo yetu mimi na yeye."

Hapo ndipo sauti ilipotoka, Baba. Sijui ilikuwa wapi miaka yote.

"Alikuuzia lini? Uliuanza msingi wako yeye akipumua kwa mashine. Nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa hawezi hata kuomba maji."

Shangazi Tusekile alianza kulia, akajiziba mdomo kwa kitenge. Asajile alitazama chini, na wote tukamwona anatazama chini.

Mwenyekiti alitaka mambo yaishe vizuri. Alipendekeza Asajile alete matofali mengine ya kuchoma, mazuri, atujengee ukuta bila malipo. Mama akasema ahsante, inatosha. Mimi nikasema hapana. Nikasema nataka ya baba, na ayabomoe mwenyewe kwa mkono wake, siku ya gulio, ayapange barabarani yote ili kila aliyesikia habari ya tanuri lako ayapige kwa kidole asikie.

Mama alisema amenizaa lakini sauti ile haijui. Anasema hasira ni tanuri, inachoma na anayechochea. Huenda. Lakini tanuri ndilo linaloivisha, niliwaza.

Leo ni gulio la pili. Nimekaa kwenye kigoda kando ya barabara, nakuandikia kwenye daftari la hesabu, na Asajile yuko juu ya ngazi anabomoa fremu yake. Kila analoshusha ananiletea. Nalipima polepole. Likiwa na ufa namrudishia. Watu wanasimama wanayagonga, wanasema yameiva kweli. Yule kijana wa mayai amegonga matatu, akaondoka bila kunitazama. Wewe ungeniambia nimwachie mzee wa watu apumzike, jua ni kali. Najua. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuuliza.

Asubuhi aliniomba ruhusa aende kaburini kwako kukutaka radhi. Hakumwomba mama wala shangazi, aliniomba mimi. Nikamwambia ulisemwa vibaya kisimani, kanisani na mkutanoni, basi aanzie huko. Akimaliza kote nitamsindikiza mwenyewe.

Lala salama, Baba. Nakuahidi ukuta utasimama kabla mvua hazijaisha, na chumba kile nitalala mimi. Kuhusu kusamehe siahidi kitu. Ananiletea jingine, ngoja nilipokee.

Binti yako,
Atupele