Mwanasesere wa Bati

Mpendwa Baba,

Nimeianza barua hii mara tatu tangu asubuhi, na safari hii siachi mpaka niimalize. Kuna jambo nimeliamua jana, na wa kwanza kuambiwa ni wewe, hata kama huko uliko barua hazifiki.

Unamkumbuka mwanasesere wa bati? Mama alikuwa amefariki, mimi nina miaka mitatu, silali wala sigusi uji. Wewe ulikuwa fundi wa vibatari pale Kanyenye, kutwa unakata makopo na kulehemu. Basi ukanitengenezea mwanasesere kwa kile unachokijua: kichwa kopo la maziwa, miguu mirija ya kupitishia utambi, tumboni vikokoto ili atoe sauti. Nilimkumbatia, akanikata kidevu. Kovu ninalo hadi leo. Mengine ya siku hizo nayajua kwa kusimuliwa na wewe, kila mwaka ukiongeza chumvi.

Shangazi alikuja kutoka Cheyo siku ileile, akaiona damu.

"Shikamoo dada," ulisema.

"Marahaba. Mfungie mtoto nguo zake, naondoka naye. Mwanamume gani analea kwa mkasi wa bati?"

Ukamwomba mpaka Ijumaa. Alikubali, maana kwetu mtoto aliyefiwa na mama huenda kwa shangazi yake, na aliona siku tatu hazitabadili kitu.

Miaka hiyo ya Ujamaa nguo zilikuwa adimu. Duka la ushirika likipata kitambaa, foleni inaanza alfajiri. Hukuwa na kipande cha kushonea ila kanga moja ya Mama, uliyoiweka sandukuni bila kuifua kwa sababu bado ilikuwa na harufu yake. Ukaikata. Sijui uliwezaje, Baba.

Kisha ukaenda uani kwa Mama Zuhura, jirani yetu, ukaketi mkekani katikati ya wanawake, ukaomba kufundishwa sindano. Wanaume wa barazani walikucheka mpaka wakachoka. Balozi wa nyumba kumi naye akapita, akauliza, "Fundi, umejiunga na kina mama?"

"Nimejiunga, ndugu," ukamjibu. "Huku wanafundisha bure."

Mwanasesere mpya wa kanga ulimjaza sufi, ukamdarizi macho kwa uzi mweusi. Kingo ulizikunja mara mbili kama unavyokunja bati, kwa hiyo mishono yake ilikuwa minene ajabu. Lakini alikuwa laini, na alinukia Mama na mafuta ya taa. Ijumaa Shangazi alinikuta nimelala kifuani pako mchana kweupe, mwanasesere kwapani, bakuli la uji tupu pembeni. Akanywa chai. Akamchukua mwanasesere, akamgeuzageuza, akavuta mshono kwa kucha.

"Huyu hafumuki," akasema, akaondoka peke yake.

Sasa sikiliza. Mdogo wangu Hamisi, kitinda mimba wako kwa mke uliyemwoa baadaye, amefiwa na mkewe, ameachiwa binti wa miaka miwili. Safari hii shangazi ni mimi. Jana nilikwenda kwake Chemchem na kapu la kutilia nguo za mtoto, ukoo mzima umeshakubaliana. Nilimkuta ameketi chini. Unajua yeye ni fundi pikipiki. Alikuwa amempa mtoto mnyororo wa pikipiki achezee, na mtoto alikuwa na grisi mpaka masikioni, analia.

"Shikamoo dada," akasema bila kuinua macho. "Nguo zake nimeshafunga. Mimi hata kumbembeleza sijui."

Nilikishika kidevu changu, nikaona aibu ya lile kapu. Nikamuuliza kanga za marehemu ziko wapi. Alileta moja, akanipa na mkasi. Nikamrudishia.

"Kata wewe," nikamwambia. "Mimi nitakuonyesha tu."

Ilimchukua muda kuanza. Alikata huku machozi yakimtoka, nami sikumsaidia, ingawa mikono iliniwasha. Alimshona mwanasesere wake mpaka adhuhuri, mimi nikimwonyesha, mtoto akituangalia, mwisho akaja mwenyewe kukaa mapajani pake. Ukoo watanisema. Waseme, nitawajibu kama ulivyomjibu balozi. Mtoto anabaki kwa baba yake, na mimi nitakwenda kila siku mpaka Hamisi azoee.

Kabla sijaondoka niliuvuta mshono kwa kucha. Ni mbaya kuliko wako, Baba. Haukufumuka.

Pumzika, kazi yako naiona.

Binti yako mwenye kovu la kidevu