Ulanga kwa Herufi Ndogo

dar es salaam, 6 agosti 2024

shikamoo mjomba fulgensi. huku hatujambo, mungu anasaidia. bibi ameamua: hafumbi macho kabla hajaona mgodi uliomfukia babu dionisi. anasema tusipopaona atatuzika sisi kwanza. tafadhali nitafutie ule mgodi wa ulanga kabla watu hawajapalima. kuchimbua mambo ya kale ndiyo kazi yangu, nitakuja.
mpwa wako, levina

Mbingu, 19 Agosti

Marahaba, mpwa wangu. Sisi wazima, isipokuwa miguu yangu. Nimevuka mto hadi Ulanga, Mahenge yote nimeizunguka nikiulizia mgodi.
"Mgodi upi?"
"Wa Ulanga."
"Baba, Ulanga ndiyo hii umesimama."
Nimerudi na malengelenge, na mke wangu Restuta sasa ananiita mtafiti. Mwambie mama, bibi yako, sijaacha. Kisigino kikipona, narudi huko huko.
Mjomba wako

Dar es Salaam, 21 Agosti

Shikamoo Mjomba, na pole ya kisigino. Usirudi! Si wilaya ya Ulanga. Ni ulanga, madini yale yanayong'aa kama magamba ya samaki, yanabanduka kama karatasi. Bibi anasema mlima ni huo ulio nyuma ya Mbingu, hapo kwako. Tafuta lundo la mawe lisiloota nyasi vizuri.
Mpwa wako, Levina

Mbingu, 9 Septemba

Mpwa wangu, tumeamka salama, natumaini nanyi vivyo hivyo. Kumbe umejifunza herufi kubwa. Mara ya kwanza hata Mungu ulimwandika kwa ndogo, ningejuaje?

Nilipomsomea Restuta ujumbe wako, alinyoosha mwiko ukutani, basi. Jiko letu linameremeta. Miaka yote analisiriba kwa mchanga wa mlima huo huo, shambani kwa jirani yetu Gosbert, nami nikimsifu kwa usafi.

Tulipanda. Lundo lipo, sururu iliyoliwa na kutu ipo, shimo limejifumba. Lakini Gosbert alishakodi trekta asawazishe, apande ufuta. Likaja, nikaweka kigoda changu juu ya shimo, nikakaa.
"Fulgensi, unachunga nini? Mbuzi huna."
"Namchunga baba."
"Mpaka lini?"
"Mpaka mama afike."
Dereva akazima injini. Gosbert akashuka, akavua kofia. Wamelima kuzunguka, katikati pamebaki duara la nyasi, na msalaba wa mninga.

Mlete mama barabara ingali kavu. Akishindwa kupanda, nitambeba kwa huu mgongo wangu mbovu. Siku alipoletewa habari ya kifo cha baba, mimi nilikuwa mgongoni kwake.
Mjomba wako, mtafiti